Jinsi Dada na Shemeji Wanavyovua Baharini

Wengi wetu katika shule hii tumekulia karibu na maji. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Ggaba. Tangu utotoni nimeona ngege na sangara wakishushwa mwaloni, na mukene wakianikwa juani mpaka njia yote ikanuka. Kwa hiyo nilipokwenda pwani ya Kenya likizo ya Desemba iliyopita, nilidhani kwamba katika mambo ya uvuvi sina la kujifunza. Nilikosea, na kosa lenyewe nitalieleza mahali pake.

Kwanza nieleze sababu ya safari. Dada yangu mkubwa ameolewa na mtu wa pwani, nao wanakaa Kanamai, kaskazini ya Mtwapa, katika wilaya ya Kilifi ambayo siku hizi huitwa kaunti. Shemeji ni seremala. Mchana hutengeneza milango na vitanda, na jioni, maji yakiwa mazuri, huenda kuvua. Mwaka jana jirani mmoja alimwonyesha mama picha katika simu. Dada alikuwa amesimama baharini, maji kiunoni, mshipi mkononi. Mama hakusema neno siku mbili. Yeye ni mwuzaji wa mukene, na maisha yake yote yamekuwa katika samaki, lakini kwa wazee wetu ilikuwa mwiko mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvulia. Kazi yake ilikuwa kuanika, kukausha na kuuza. Siku ya tatu mama alinipa nauli akasema, "Nenda ukaone kwa macho yako. Kama wamemfanya mtumwa, uniambie."

Basi nilipanda basi hapa Kampala, nikapita Nairobi, nikafika Mombasa nimevimba miguu. Safari hiyo wengi mnaijua, nami sitaisimulia.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni chumvi. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba katika kila kilo moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi, lakini kusoma ni kingine na kuyameza kwa bahati mbaya ni kingine. Labda msomaji atauliza, mbona ziwa letu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika Afrika, halina chumvi, na bahari inayo? Sababu ni kwamba ziwa letu lina mlango wa kutokea. Mito huleta chumvi kidogo kidogo kutoka katika ardhi na mawe, na Mto Nile unaichukua pale Jinja na kwenda nayo. Bahari haina pa kuipeleka. Maji hupaa kwa jua, chumvi hubaki, na mambo yamekuwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Asiyeamini na atazame Ziwa Katwe, huko magharibi ya nchi yetu. Ziwa hilo halina mto wa kutokea, na watu huchimba chumvi humo mpaka leo.

Jambo la pili ni kupwa na kujaa, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwaloni kwetu maji ya asubuhi ndiyo ya jioni. Ukifunga mtumbwi penye jiwe, utaukuta penye jiwe. Kanamai nilifika adhuhuri nikaona bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Jioni nilitoka tena nikaona maji yamekwenda mbali, na mahali palipokuwa na mawimbi pana mchanga, mwani na mawe, na watoto wanaokota makombe. Niliona kama mtu ameiba bahari.

Dada alicheka sana. Kisha akanieleza, naye hakupata kufundishwa jambo hili shuleni bali na mavyaa yake. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua pia huyavuta, ila kwa nguvu iliyo ndogo zaidi. Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Toka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, na kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Hayo huitwa bamvua. Pwani ya Mombasa tofauti ya maji ya bamvua hupita mita 3, yaani kimo cha dari ya bweni letu. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, na maji husogea kidogo tu. Hayo ni maji mafu, na wavuvi wa miguu hawayapendi. Ziwa letu nalo huvutwa na mwezi, lakini kwa kuwa ni dogo mbele ya bahari, na halikuungana nayo, kupanda kwake hakuonekani kwa macho.

Jioni ninayoielezea mwezi ulikuwa wa siku kumi na moja. Shemeji hutazama mwezi kwanza, kisha hutazama simu, kama mwanafunzi aliyekwisha pata jibu anayetaka kuhakikisha nyuma ya kitabu. Alisema maji yatafika mwisho wa kupwa kama saa moja na nusu usiku, basi tutoke saa kumi na mbili, tuyafuate maji yakitoka, tuvue, na tugeuke mara yakigeuka. Upepo ulikuwa wa kaskazi, ule unaovuma tangu Desemba hivi mpaka Machi, na bahari wakati huo ni tulivu. Wakati wa kusi, toka Aprili mpaka karibu na Oktoba, mawimbi ni makubwa, na siku nyingi shemeji hubaki na randa yake.

Vifaa vyao ni vichache. Mshipi wa nailoni umezungushwa juu ya kipande cha ubao. Mwisho wake pana ndoana mbili, na chini ya ndoana pana chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamisha. Kuna mkoba wa ukindu wa kutilia samaki, fimbo ndefu, kisu, na taa ya kichwani. Chambo chao kilikuwa mkono wa pweza uliokatwa vipande vidogo. Nilimwuliza dada kwa nini asitumie nyungunyungu kama sisi. Akasema kuwa katika bahari wapo samaki wadogo maelfu wanaonyofoa chambo laini kabla mkubwa hajafika, lakini pweza ni mgumu, hawamwezi. Wanapokuwa na ngisi hutumia ngisi, na kaa wadogo pia ni wazuri.

Kabla ya kutoka, mavyaa yake alitundika taa ya pili katika mvinje mmoja ulio kwenye njia ya kupandia nyumbani. Niliona ni uzembe kuacha taa nzuri nje, lakini sikusema.

Sasa nieleze umbo la mahali, maana asiyelijua hataelewa yaliyonipata. Karibu na nusu ya safari kutoka ufukoni bahari ina kina kifupi, mchanga na majani ya baharini, kama bwawa refu linalofuata pwani. Ng'ambo ya bwawa hilo upo mwamba uliojengwa na matumbawe, nao umeinuka kuliko bwawa. Nje ya mwamba ndiyo bahari kuu, na mawimbi huvunjika huko usiku na mchana. Mwamba una milango hapa na pale, ambamo maji hupita kuingia na kutoka. Samaki hutoka na maji yanapopwa na kurudi nayo yanapojaa, na mvuvi wa mshipi husimama karibu na mlango kama askari penye lango la boma.

Tulivuka bwawa maji yakiwa magotini. Dada alinifundisha kutoinua miguu bali kuiburuza mchangani, kwa kuwa taa hulala chini ya mchanga. Hapa nasema taa yule samaki bapa mwenye mwiba katika mkia, si taa ya kuwasha. Mguu unaoburuzwa humgusa ubavuni naye hukimbia, lakini mguu unaoshuka toka juu humkanyaga, na yeye hujibu.

Tulipofika mwambani jua lilikuwa limekwisha tua na mwezi uko juu. Shemeji alirusha mshipi wake mlangoni, na dada wake hatua kumi kutoka kwake. Walivua bila maneno mengi. Dada hakuangalia mshipi hata kidogo. Aliuacha upite juu ya kidole cha shahada, naye akitazama kwingine, na mara kidole kilipojua, mkono uliruka. Nilihesabu: katika saa ya kwanza alipata changu watano, shemeji wawili, na mimi nilipata mwani. Kisha dada akapata chewa mdogo asiyezidi kiganja, akamrudisha. "Huyu aje mwakani," akasema.

Ndipo nilipomwuliza neno nililotumwa. Nilisubiri shemeji asogee, nikamwuliza kwa Kiganda kama anakuja huku kwa hiari yake. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa akikaa nyumbani akingoja. Shemeji alisema atarudi saa tatu, na saa tatu ikapita, na saa nne ikapita, na yeye hajui kama maji yamegeuka au la, kwa sababu hakujua kuyasoma. Usiku mmoja alisimama penye mvinje ule mpaka saa sita. Shemeji alirudi mzima, na samaki wengi, akashangaa kukuta mkewe analia. "Kesho yake nilimwambia nitakwenda naye," dada akasema. "Afadhali niwe pale niyaone maji mwenyewe. Na tena, mdogo wangu, mchana ana randa na mimi nina mtoto na jiko. Hapa ndipo tunapozungumza."

Nilimwuliza watu walisemaje. Alisema walicheka. Wanawake wa pwani kwenda mwambani si jambo geni. Toka zamani huenda kwa miguu maji yakipwa, wakatafuta pweza katika mashimo kwa kijiti, au wakatanda samaki wadogo kwa nguo, watu wawili wakishika pembe za nguo na wengine wakiwafukuza samaki waingie. Mavyaa yake mwenyewe alisomesha watoto kwa pweza. Lakini mwanamke kushika mshipi usiku kando ya mumewe, hilo lilikuwa jipya, na wengine walimwuliza shemeji kama amekosa mwanamume wa kwenda naye. Shemeji aliwajibu kwamba hajakosa, ila huyu anapata samaki zaidi. Nilivyoona mimi, hilo lilikuwa jibu la kweli tupu.

Haya, nifike kwenye kosa langu. Kama saa mbili na nusu usiku dada alikunja mshipi wake akasema, "Maji yamegeuka. Twende." Mimi wakati huo ndipo nilipopata samaki wangu wa kwanza, tafi mmoja mzuri, na mara wa pili na wa tatu. Nilitazama mbele. Mwamba ulikuwa mkavu vilevile, na mawimbi yanavunjika palepale yalipokuwa yakivunjika. Nikasema, "Bado, dada. Dakika kumi." Akaita mara ya pili. Nikasema mimi ni mwogeleaji, nimevuka ghuba ya Ggaba, nisisumbuliwe kwa maji ya magoti. Shemeji hakusema kitu, labda kwa heshima ya shemeji mgeni. Dakika kumi zikawa thelathini.

Nilikuwa nikitazama mbele, na maji yalikuwa yanapita nyuma. Yaliingia kwa milango yakajaza bwawa lililo kati yetu na ufuko, na mwamba tuliosimama ulikuwa bado mkavu kwa sababu umeinuka. Nilipogeuka, mchanga tuliouvuka haukuonekana tena.

Baadaye shemeji alinichorea hesabu yake kwa penseli ya useremala juu ya ubao, nami naiandika hapa kwa faida ya wanaopenda hesabu. Maji huchukua kama saa sita kupanda. Gawanya kimo chote katika mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Basi ikiwa siku hiyo maji yatapanda mita 2.4, saa ya kwanza ni sentimita 20 tu, na mjinga husema hakuna kitu. Saa ya pili ni 40, na saa ya tatu ni 60. Sisi tuliondoka saa moja na nusu baada ya kugeuka, na magoti yakawa kiuno. Kama ningepata saa moja nyingine ya ukaidi, ingekuwa shingo. Na siku za bamvua ni zaidi ya hapo.

Tuliingia majini shemeji mbele na fimbo, mimi katikati, dada nyuma ameshika shati langu. Maji hayakusimama kama ya ziwa. Yalikuwa yanakwenda kwa kasi kutoka mlangoni, na kila hatua yalinisukuma kando. Nilisahau kuburuza miguu. Niliingia katika shimo, nikapoteza kiatu, na katika kujishika nikakumbatia mkoba wa samaki kwa nguvu. Tafi ana miiba mgongoni na tumboni, na miiba hiyo ina sumu. Mmoja uliingia katika kiganja changu. Maumivu yake siwezi kuyaeleza, nadhani ni kama nyuki ishirini mahali pamoja. Nilipiga kelele. Dada alisema kwa sauti ndogo, "Tazama taa ya mama. Usitazame maji." Nikaitazama ile taa niliyoidharau, katika mvinje, na nikafahamu kwa nini iko pale. Mkondo ulikuwa ukitupeleka kusini, na kila tulipopotoka shemeji aliurudisha uso wake kwenye taa. Kule kusini kina ni kirefu zaidi. Hakuna kati yetu aliyesema neno mpaka maji yaliposhuka mapajani.

Nyumbani mavyaa yake dada alikuwa na maji ya moto tayari, si kwa ajili yangu bali kwa chai. Alitia mkono wangu katika beseni la maji ya moto kadiri nilivyoweza kuvumilia, akaushikilia humo. Sumu ya tafi huharibiwa na moto, na baada ya muda maumivu yalipungua kweli. Kisha aliniambia kwamba samaki watatu wangu ni halali yangu, ila kiatu nitakitafuta mwenyewe kesho maji yakipwa. Nilikitafuta, sikukiona.

Tulipokuwa tukipasua samaki, shemeji alieleza kuwa zamani mtu angepata mara mbili ya hao pale pale mlangoni. Alilaumu juya, wavu ule unaokokotwa ambao huchukua hata watoto wa samaki na kuvunja matumbawe. Wasomaji wa Ggaba mtakumbuka mashauri yetu kuhusu nyavu za macho madogo. Si mbali na kwao, huko Kuruwitu, wavuvi wenyewe mwaka 2005 waliamua kutenga kipande cha bahari chenye kama hekta 30, kisivuliwe kabisa. Sehemu hiyo huitwa tengefu. Wengine walikasirika, wakisema baba zao walivua hapo. Sasa samaki wamezaana humo, na hutoka nje ya mpaka wakavuliwa na watu. Shemeji asema mvuvi mwerevu husimama karibu na mpaka. Wanafunzi wa zamani mlio Mombasa mnaweza kwenda kuona, na kama nimekosea jambo lolote katika maelezo haya, nisahihisheni katika gazeti lijalo.

Nilirudi Kampala na changu sita waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa. Mama alikuwa mwaloni. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya mvinje na ya kungoja mpaka saa sita za usiku, nikamwonyesha kovu la tafi, na nikamwambia wazi kwamba mimi ndiye niliyetaka kututia hatarini na dada ndiye aliyetutoa. Hakujibu. Alichukua changu mmoja, akamgeuza, akapitisha kidole mahali alipopasuliwa, toka mgongoni kama mama anavyopasua sangara, si toka tumboni. "Nani aliyempasua huyu?" akauliza. Nikasema ni dada. Akauliza walikaa juani siku ngapi. Nikasema tatu. "Walitaka nne," akasema, akawatia katika kikapu chake.

Usiku ule tuliwala wawili. Ujumbe wa kumpelekea dada hajanipa bado. Likizo ya Mei nitamwuliza tena, lakini mwezi uliopita nilipokwenda nyumbani Jumapili nilimkuta nje, jirani yuko naye, na mama anamwonyesha mwezi, akimweleza habari ya bamvua. Alikuwa ameikosea kidogo hesabu ya dakika 50, nami sikumsahihisha.